Msafara Haukuwa na Nahodha

Mvua zikichelewa, bei ya tumbaku ikiyumba, au kampuni ya ununuzi ikipunguza makisio, mkutano wa chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) hapa Nzega huishia mahali pale pale. Mwanachama mmoja atasimama, atakohoa kidogo, atasema chama kinahitaji mtu. Vikao tumekaa vingi, kamati tumeunda nyingi, sasa apatikane mtu: mwenye msimamo, asiyeyumbishwa, atakayenyoosha mambo. Atapigiwa makofi. Na ili kuufunga mjadala atamalizia kwa methali ambayo hakuna wa kuibishia: manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Maneno hayo hayako AMCOS peke yake. Utayasikia kwenye kamati za shule, kwenye SACCOS, parokiani na msikitini, kwenye baraza la madiwani, na kwenye maofisi ya Dar es Salaam ambako huvalishwa suti na kuitwa uongozi wenye maono. Hoja ni moja kote: hali ikiwa shwari tunaweza kumudu mabishano, hali ikichafuka, mamlaka yakusanywe mikononi mwa mmoja, wengine wafuate.

Nabisha, na naanza na methali yenyewe. Imetoka pwani, kwa watu wa bahari, na ina ukweli wake. Upepo ukigeuka ghafla tanga lazima lishushwe sasa hivi, na wawili wakigombea usukani chombo kitapanda mwamba. Hilo halina ubishi. Lakini methali inazungumzia mkono ulioshika usukani tu. Haigusi swali la nani aseme kwamba chombo kimejaa kupita kiasi kabla hakijang'oa nanga. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imebeba watu kuliko uwezo wake, wakafa mamia. Kanda yetu hii ina familia ambazo mpaka leo hazina kaburi la kwenda kufagia. Meli ile ilikuwa na nahodha, na alikuwa mmoja. Kilichokosekana kilikosekana gatini, meli ilipokuwa ikijazwa: sauti ya kusema hapana, yenye nguvu ya kusikilizwa.

Sisi wa bara, tena, hatukuwa na majahazi. Tulikuwa na misafara. Ni ajabu kwamba watu wa Unyamwezi, waliojulikana Afrika Mashariki nzima kwa kuongoza watu katika njia isiyotabirika, wanapotafuta hekima ya uongozi wanaazima ya mabaharia na kuiacha ya babu zao wenyewe.

Tukumbushane kazi ilivyokuwa. Kabla reli ya kati haijafika Tabora mwaka 1912, pembe za ndovu, nguo za merikani na kaniki, shanga, waya wa shaba na bunduki vilisafiri mabegani mwa watu kati ya Unyanyembe, eneo la Tabora, na Bagamoyo, mwendo wa kilomita zaidi ya 800. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei. Wanyamwezi walioijua njia walikwenda kwa miezi miwili au mitatu. Richard Burton na John Hanning Speke walitumia zaidi ya minne, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Novemba 1857, kufika Kazeh, ambayo leo ni Tabora. Mwaka uliofuata Speke alimwacha Burton Kazeh akakata kaskazini kuelekea ziwani, akapita katika nchi ambayo leo ndiyo barabara yetu ya Nzega na Shinyanga. Malori ya kwenda mpakani Rusumo yanayolala hapa Nzega yamerithi kazi iliyoanza kwa miguu.

Na hakuna safari iliyofanana na nyingine. Kisima kilichokuwa na maji mwaka jana kimekauka katikati ya Mgunda Mkali, lile pori la siku nyingi kati ya Ugogo na Unyamwezi. Mtemi wa Ugogo amepandisha hongo, ule ushuru wa njia, kwa sababu msafara uliotangulia ulimdharau. Ndui imeingia kambini. Vita imezuka mbele na hakuna ajuaye imesimama wapi. Mvua zimekaribia na kila mpagazi anawaza shamba lake nyumbani, maana msafara usiporudi kabla ya msimu wa kupanda, mwaka ujao ni njaa. Anayetaka kujifunza uongozi wa nyakati za mashaka hahitaji kuagiza vitabu kutoka mbali.

Sasa tazama mamlaka yalivyokaa katika msafara wa Kinyamwezi. Mbele alikwenda kirangozi. Burton anamweleza akiwa amevaa joho jekundu na ngozi ya mbega kichwani, na anataja sheria moja inayopendeza: mpagazi akimpita kirangozi njiani, mshale mmoja huchomolewa kwenye podo lake, ili mwisho wa mwendo mkosaji atambulike na kutozwa faini. Hapo mtetezi wa mtu mmoja atachekelea. Si unaona? Mbele kulikuwa na mmoja, na kumpita ni kosa!

Asichekelee mapema. Kirangozi alitawala kitu kimoja, nacho ni njia. Aliamua kupita huku au kule, akafunga njia za panda kwa matawi ili walio nyuma wasipotee. Mali haikuwa yake. Ilikuwa ya mwenye msafara, ambaye Wanyamwezi walimwita mtongi. Siku ya kuondoka na dalili za hatari vilikuwa na mwenyewe, mganga. Nyuma kabisa walitembea wanyampara, wakiokota waliochoka na kujua ni mzigo gani umeachwa chini ya mti. Wapagazi wenyewe walijigawa katika kambi, vikundi vya kupika na kula pamoja, kila kambi na mkubwa wake aliyewasemea watu wake posho ilipopungua. Na kirangozi hakudumu bila kukubalika na hao anaowaongoza: mtu ambaye wapagazi hawakumwamini angeweza kuvaa ngozi za mbega wote wa msituni na asipate wa kumfuata.

Kisha kulikuwa na lile tangazo la jioni. Watu wamekula, moto umepungua, sauti inapita kambi nzima: kesho tunaondoka au tunapumzika, tunakwenda hadi pale, maji yako mbali kiasi hiki, mahali fulani msitawanyike. Kila mbeba mzigo alilala akijua kesho ina nini, kwa kadiri ilivyoweza kujulikana. Ningependa kujua ni taasisi ngapi za leo ambazo mlinzi wa getini na mhudumu wa stoo wanalala wakijua hivyo.

Mwisho kabisa kulikuwa na kutua mizigo. Posho isipotosha, mwendo ukizidi, au kiongozi akikaidi ushauri kuhusu maji, wapagazi waliweka mizigo chini wakakaa. Wasafiri wa Kizungu wameandika kurasa na kurasa za malalamiko juu ya jambo hili, wakaliita uvivu, ukaidi, usaliti. Ukizisoma kurasa hizo kwa jicho la mtu aliyewahi kuendesha kikundi cha watu, unaona kitu kingine: mara nyingi mizigo ilitua kwa sababu hali ilikuwa mbaya kweli, na wa kwanza kuijua hali hiyo walikuwa wenye mizigo.

Sitaki kuupaka msafara rangi. Njia ile ile ilipitisha watumwa. Palikuwa na viboko, na wagonjwa walioachwa porini. Ninachosema ni kwamba kazi yenye mashaka kuliko zote katika nchi hii iliendeshwa kwa miongo mingi na watu waliogawa mamlaka kwa makusudi, na waliyagawa kwa sababu kazi ilikuwa ya mashaka. Aliye mbele huona njia. Aliye nyuma huona nani anachechemea. Hakuna mahali katika mstari wa watu 500 ambapo mtu mmoja anaweza kusimama akayaona yote mawili.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Taasisi nyingi zilizokwama nyakati ngumu zilikuwa na amri za kutosha. Kilichoziua ni habari mbaya kuchelewa kufika. Mbolea imefika pungufu, mabani ya kukaushia tumbaku hayana kuni, mhasibu amekopa kwenye fedha za wanachama akisubiri mauzo: haya huwa yanajulikana na mtu fulani wiki nyingi kabla hayajafika mezani. Na hakuna njia ya uhakika zaidi ya kuichelewesha habari mbaya kuliko kumweka juu mtu mmoja anayesifiwa kwa kutoyumba. Mtu wa aina hiyo hapelekewi mashaka. Anapelekewa salamu na taarifa zilizopigwa pasi.

Najua jina litakalotajwa sasa, maana katika mkoa wa Tabora halikosi kutajwa: Mirambo. Nyakati ngumu zilimtoa mtu mmoja, naye akaitikisa nchi. Ni kweli. Kutoka utemi mdogo wa Uyowa alijenga, katika miaka ya 1860 na 1870, dola iliyowafanya Waarabu wa Unyanyembe wakose usingizi. Mwaka 1871 alifunga njia ya Ujiji, na walipomshambulia, Henry Morton Stanley akiwa upande wao, wakatawanyika, naye Stanley ikambidi azungukie kusini ili amfikie Livingstone. Alikuwa na rugaruga, wapiganaji wake, alikuwa na akili ya biashara, alizungumza na Zanzibar na wamisionari kama mkubwa kwa wakubwa. Mtu huyu anastahili sifa alizo nazo, na shule inayobeba jina lake haikupewa jina hilo kwa bahati.

Lakini msifiaji huishia mwaka 1884. Desemba ya mwaka huo Mirambo alifariki, akarithiwa na ndugu yake Mpandashalo, na katika miaka michache dola ikameguka. Watemi waliokuwa wametii walikuwa wamemtii Mirambo, si kitu kingine chochote. Alipoondoka hakukuwa na kitu cha kukitii.

Mwezi ule ule wa Desemba 1884 alifariki mtu mwingine ambaye hatajwi sana kwenye mikutano yetu: Nyungu ya Mawe, aliyeshika Ukimbu, kusini mwa Tabora. Usidhani alikuwa mpole. Rugaruga wake waliogopwa kuliko hata wa Mirambo, na simulizi zake haziwafai watoto. Ila Nyungu alifanya jambo ambalo Mirambo hakulifanya. Kila kundi la temi alizoziteka aliliwekea mtawala wake, mtwale, mwenye eneo linalojulikana na kazi inayojulikana, wa kukusanya pembe na kuamua ya huko bila kungoja neno kutoka kwake. Alipokufa, binti yake Mgalula alikalia kiti, na utawala ukaendelea mpaka Wajerumani walipouvunja kwa nguvu katika miaka ya 1890. Watu wawili wa kizazi kimoja, silaha zile zile, biashara ile ile, kifo cha mwezi mmoja. Mmoja aliacha jina, mwingine aliacha utaratibu. Mimi nikiulizwa nani alikuwa kiongozi bora wa nyakati za mashaka, nitamtaja Nyungu, pamoja na ukatili wake wote.

Mtu atasema hayo ni ya zamani. Basi tuje karibu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Tanzania ilikuwa na kila sababu ya kuogopa kesho. Ukame wa 1973 na 1974 ulimaliza akiba ya chakula. Bei ya mafuta duniani ilipanda kutoka kama dola 3 kwa pipa hadi karibu dola 12 katika miezi michache. Na serikali ilikuwa tayari imeanza kufanya kile ambacho mwanachama wetu wa Nzega angekishauri: kukusanya mamlaka. Mwaka 1972, kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey, mabaraza ya kuchaguliwa wilayani yalifutwa na nafasi yake ikachukuliwa na maofisa waliowajibika juu. Mpango wenyewe uliitwa Madaraka Mikoani, jina ambalo lingemchekesha hata mpagazi. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchi nzima. Pamba ikawa mali ya Mamlaka ya Pamba, tumbaku ya Mamlaka ya Tumbaku.

Tuwe wakweli, ushirika ulikuwa na uchafu wake. Tume ya mwaka 1966 ilikuwa imeshaeleza wizi, upendeleo na hesabu zisizoeleweka. Waliotaka kusafisha walikuwa na sababu. Lakini tazama kilichoondoka pamoja na uchafu. Mkulima wa Bukene au Puge aliyekuwa na mahali pa kusimama na kusema mizani hii inaniibia, alibaki bila mahali. Mizani iliendelea, malipo yakachelewa, na taarifa zilizopanda kwenda makao makuu zikawa taarifa za maofisa juu ya maofisa. Mijini mambo yaliharibika upesi kiasi kwamba halmashauri za miji zilirudishwa 1978. Sheria za mwaka 1982 zikarudisha ushirika na serikali za mitaa.

Na aliyelisema hili kwa uwazi kuliko wote ni mwenye uamuzi wenyewe. Mwaka 1984, akiwa amebakiza mwaka mmoja kung'atuka, Mwalimu Nyerere alieleza katika mahojiano kwamba angepewa nafasi ya kuanza upya, kuna mambo ambayo asingeyarudia: mojawapo ni kufuta serikali za mitaa, na jingine ni kuvunja ushirika. Mzee huyu, aliyesoma sekondari hapa hapa Tabora, alikuwa na msimamo kuliko yeyote tunayeweza kumchagua AMCOS, hakuwa mwizi, na aliipenda nchi. Ikiwa mkono mmoja wa mtu kama huyo haukutosha, sijui tunamtafuta nani.

Nzega yenyewe, wakati huo huo wa mashaka, ilitoa jibu lake. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliacha silaha mikononi mwa watu, maduka yalikuwa matupu, na wizi wa ng'ombe ukawa biashara ya mtutu. Polisi walikuwa mbali na hawakuwa na gari. Kati ya 1981 na 1982, katika vijiji vya mpakani mwa Kahama, Nzega na Shinyanga, wakulima walianzisha kitu walichokiita Busalama, ambacho nchi nzima ilikuja kukijua kwa jina la Sungusungu. Kila kijiji kilikuwa na ntemi wake wa Sungusungu, kamanda, katibu na kamati. Silaha zao zilikuwa upinde na mishale, na kipenga shingoni. Ng'ombe akiibwa, mwano, ule ukunga wa kuita watu, unapigwa. Kijiji hiki kinafuata nyayo mpaka mpaka wake, kinakabidhi nyayo kwa kijiji kinachofuata, hicho nacho kwa kingine. Mwizi alikuwa anakimbia kwa kasi ya miguu yake, habari zake zinamtangulia kwa kasi ya sauti.

Hakuna kamanda mkuu aliyekaa mahali akiagiza yote hayo. Angekuwepo, ng'ombe wangevuka mkoa kabla hajapata taarifa. Katika muda mfupi wizi ulipungua sana, chama tawala na baadhi ya viongozi wa serikali wakawaunga mkono huku polisi na mahakama wakinung'unika, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa ili kuwapa nafasi.

Ila kuna upande wa pili, na nisipouandika nitakuwa nimewadanganya. Sungusungu ilipiga watu. Iliwatoza faini watu ambao hawakuwa na pa kukata rufaa. Sehemu nyingine iligeukia wanawake wazee walioitwa wachawi, na wengine wakafukuzwa, wakateswa, wakauawa. Ule ule mtandao uliosafirisha habari za mwizi usiku mmoja haukuwa na njia ya kusafirisha habari mbaya juu yake wenyewe. Bibi aliyekuwa anapigwa hakuwa na kipenga. Kwa hiyo nasema wazi: kugawa mamlaka bila kuweka mahali ambapo aliyeonewa anasikilizwa ni ubabe uliogawanywa vijijini, na ubabe mdogo mdogo unauma kama mkubwa. Atakayeniletea mfano huo ili kumtetea mtu mmoja, nitamwuliza tu: kwa mtu mmoja, huyo bibi angekata rufaa wapi?

Inabaki hoja ya haraka, ambayo ndiyo nzito kuliko zote. Hatari ikija hakuna muda wa vikao. Naikubali, kwa sharti kwamba tuipime. Ni maamuzi mangapi ya chama cha tumbaku au hospitali ya wilaya yanayotakiwa ndani ya dakika tano? Moto ukishika bani, aliye karibu na ndoo ndiye kiongozi, na hakuna anayehitaji kumpigia simu mwenyekiti. Mengi yaliyobaki, kama vile tukope pembejeo kiasi gani, tumkatae mnunuzi huyu au tumpokee, tumsimamishe meneja au tumpe muda, yana siku kadhaa ndani yake, na uharaka wake mara nyingi umetengenezwa na mtu asiyetaka kuulizwa. Nimekuwa na shaka na kila barua yenye muhuri wa DHARURA iliyokaa mezani kwa mtu wiki mbili kabla ya kusomwa kwenye kikao cha nusu saa.

Msafara wenyewe ulilijua jambo hili. Mchana, njiani, hakuna aliyempita kirangozi. Mshale wako ungechomolewa. Jioni, kambini, kila mkubwa wa kambi alisema. Mabishano yalikuwa na saa yake na utiifu ulikuwa na saa yake. Mtetezi wa mtu mmoja anataka utiifu wa njiani uendelee mpaka kambini, na huko ndiko msafara unakofia, kwa sababu kambini ndiko inakojulikana nani ana homa na unga umebaki wa siku ngapi.

Tuna somo jingine pale Lusu, nje kidogo ya mji wetu. Mgodi wa Golden Pride, wa kwanza mkubwa wa dhahabu kufunguliwa nchini baada ya milango ya uwekezaji kufunguliwa, ulianza kuzalisha mwaka 1998, mahali ambapo wachimbaji wadogo walikuwa wakichimba kabla yake, na ukaendelea kwa takriban miaka 15. Mgodi unajua umri wake. Mwamba hupimwa, wakia zikahesabiwa, na mwaka wa kufunga ukaonekana mapema kwenye makaratasi. Kampuni ilifunga, ikaondoka, eneo likakabidhiwa kwa chuo cha madini. Mashaka yote yalibaki mjini: mama ntilie, mwenye nyumba za kupangisha, fundi magari. Katika mji wote huu, habari iliyokuwa ya uhakika kwa mwenye mgodi ilikuwa uvumi kwa muuza chapati. Hali isiyotabirika, mara nyingi, ni hali ambayo mwenzako ameshaitabiri na hajakwambia.

Nini kifanyike basi kwenye chama chako, shule yako, duka lako la jumla? Mwenyekiti awepo, tena mmoja, na kazi yake iandikwe ilipoishia. Mwenye funguo za stoo awe mwingine, mwenye saini ya benki mwingine, na kila mmoja awe na haki ya kusimamisha jambo lililo chini yake bila kuomba ruhusa. Uamuzi mkubwa utolewe pamoja na tarehe ya kuurudia: tumekopa kwa bei hii, tutaitazama tena soko likifunguliwa. Tangazo la jioni lirudi, hata likiwa ujumbe wa WhatsApp wa mistari minne kwa wanachama wote, likitaja kinachojulikana na kisichojulikana. Na anayeleta habari mbaya mapema alindwe. Katika vyama vingi ninavyovifahamu, huyo ndiye huwa wa kwanza kuitwa mchochezi, na mrajis wa ushirika akija kukagua baada ya miaka mitatu anakuta aliyoyasema yote yameandikwa kwenye ripoti ya hasara.

Naomba mwanachama mmoja, mkutano mkuu ujao, afanye hivi kabla ya kura ya mwenyekiti kupigwa. Aombe daftari la mihtasari ya bodi. Ni haki yake. Atafute ni lini mara ya mwisho mjumbe alipinga jambo, hoja yake ikaandikwa, na uamuzi ukabadilika kwa sababu yake. Akikuta miezi 12 imepita na kila ajenda imepita kwa kauli moja, katika mwaka wa bei mbovu na mvua mbovu, asisubiri kumsikiliza mgombea mwenye msimamo. Anyanyue mkono, asome aliyoyaona kwa sauti, na aombe mkaguzi aitwe.